Imondo ya Mzee wa Chekalini

Nyuma ya soko la Kakamega, kwenye hoteli ya Teresa, kuna benchi moja refu limeegemea ukuta wa jikoni. Ukitaka kujua nani ameoa, nani amefukuzwa kazi na nani anajificha kwa sababu ya gari la mkopo, usinunue gazeti. Kaa hapo. Ni benchi la wabeba chakula, watu wa pikipiki, ambao huugonga kila mlango wa mji huu sahani zikiwa bado zinafuka mvuke. Wanajua nyumba ambayo mume hula nyama mke akisafiri, na nyumba ambayo chapati huagizwa kisha wageni huambiwa zimesukumwa na mikono ya mama mwenye nyumba.

Benchi lilikuwa na sheria moja tu, na aliyeiweka ni Teresa mwenyewe: wa kwanza kurudi ndiye wa kwanza kubeba. Hakuna aliyelipwa kwa kukaa. Kwa hiyo mtu akishafikisha chakula Amalemba, aligeuza pikipiki kabla mteja hajamaliza kushukuru, akarudi akiwa ameinama juu ya usukani kama anayetafuta sindano iliyoangukia kwenye tangi. Oliver aliitafuta sindano hiyo mpaka akakutana na trela la miwa kwenye mzunguko. Sasa yuko kwao na mguu wa plasta, na wenzake wamesogeleana hata pale alipozoea kukaa hapaonekani tena pengo.

Kati ya wanaume hao alikuwapo mwanamke mmoja, Selpher. Mumewe alikwenda Eldoret kutafuta kazi, akapata kazi na mke mwingine kwa mpigo, na habari hiyo benchi lilikuwa nayo kabla yeye hajaisikia. Alibaki na watoto wawili na pikipiki. Kuendesha alijua, tena vizuri, ila alikuwa mtu wa taratibu. Kabla ya kutoka aliuweka mfuko mezani, akaufungua, akachungulia, akamuuliza Jerotich mpishi, hii ni ya nani na inaenda wapi. Mvua ikianza alitafuta veranda. Wenzake walimwita Daktari, kwa kuwa hakuna mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka bila kupimwa. Akirudi alikuta wote wameshafika, akakaa mwisho, pale benchi linapoyumba.

Jumamosi hiyo asubuhi Teresa alimwita kando, karibu na pipa la maji. Teresa si mtu mbaya. Hata benchi, ambalo halisamehe mtu, lilikubali hilo. Lakini alikuwa na simu, na simu ilikuwa na wateja. Akamweleza bila kupandisha sauti kwamba chakula chake hufika nyuma ya cha wengine, kwamba kuna kijana wa Butere mwenye pikipiki mpya anayeomba nafasi kila kukicha, na kwamba leo ikija simu moja tu ya kumlalamikia, Jumatatu asijisumbue kuja.

"Si kwa ubaya, Selpher," alisema. "Hata wewe ukiwa mimi, ungefanyaje?"

Selpher aliitikia kwa kichwa tu. Akarudi kwenye benchi, akafunga kamba za viatu upya, zile zile ambazo hazikuwa zimefunguka.

Sasa, siku hiyo kulikuwa na oda iliyosubiriwa na jiko zima. Mama Tracy, mwanamke wa ofisi za kaunti anayekaa kando ya barabara ya Lubao, ukishapita Lurambi, alikuwa anapokea wakwe. Watu wa Chekalini walikuwa wanakuja kumposa Tracy, na baba wa kijana mwenyewe anaongoza msafara. Mama Tracy aliweza kupika wali, mboga na hata obusuma, ugali wa nyumbani, lakini ingokho, kuku wa kienyeji, hakujiamini kumpika. Kuku wake hutoka mgumu kama kamba ya ng'ombe. Akaja kwa Teresa kimyakimya, wakakubaliana kuku wapikwe huku, waletwe kwa mlango wa nyuma, na mtu yeyote asijue. Ndiyo maana benchi lote lilijua.

Na pamoja na kuku kulikuwa na kibakuli kidogo peke yake, chenye imondo. Wengine husema firigisi, lakini ukisema firigisi unataja kipande cha nyama tu. Imondo ni heshima. Baba mkwe akiketi kwako na asiione sahani hiyo mbele yake, hatapiga kelele. Atauliza tu kwa upole kama kuku wa hapa huzaliwa bila tumbo, kisha atatafuta kofia yake, na posa itabaki mezani na wali. Jerotich, ambaye ni wa Nandi, alikuwa ameshaelezwa jambo hilo na kila mtu aliyepita jikoni, hadi akatishia kuipika imondo ndani ya soda.

Mchana ukasogea. Mawingu yalianza kujikusanya upande wa msitu, kama yanavyofanya kila siku ya Mungu mji huu. Jerotich akaweka dirishani mifuko miwili myeusi ya kutunza joto, inayofanana kama pacha: mmoja wa Mama Tracy, mwingine wa wanafunzi wa hosteli karibu na chuo kikuu, walioagiza kuku wa kukaanga na chipsi za kundi zima. Majina yalikuwa yamebandikwa, ila yaliangalia ndani.

Aliyekuwa mbele ya benchi ni Clifford, kijana mcheshi, mwenye mguu mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Teresa akamwambia huo ni wa Mama Tracy, apite nyuma, asipige honi. Clifford akanyakua mfuko uliokuwa karibu, na kabla Teresa hajamaliza kusema "honi", alikuwa ameshaingia barabarani.

Wa pili alikuwa Selpher. Siku nyingine angeuweka mfuko mezani, angefungua, angeuliza. Mkono wake ulifika hata kwenye zipu. Lakini Teresa alikuwa amesimama mlangoni akimtazama, na kule nyuma Mzee Patroba, mkubwa wa benchi, alikohoa kile kikohozi chake cha kusema Daktari ameanza kliniki. Selpher akaufunga mfuko kwenye boksi bila kuuangalia, akapiga kiki, akaenda. Kwa mara ya kwanza benchi lilimwona akitoka mbio. Patroba akaacha kukohoa.

Alikimbia kweli. Alipita matatu mbili upande usiofaa, na alipofika karibu na mzunguko matone ya kwanza yalishaanza, yale makubwa yanayolowesha vumbi na oili na kuifanya lami iwe kama sahani ya mafuta. Gurudumu la nyuma lilihama. Halikuhama sana, lilikwenda kando kama mtu anayempisha mwenzake, kisha likarudi. Moyo wa Selpher haukurudi nalo. Akapunguza mwendo, akaenda pembezoni akiwa ameachilia gesi, na mvua ilipomwagika yenyewe hasa, akaingia chini ya veranda ya duka la vifaa vya ujenzi pale Lurambi, akazima.

Hosteli ilikuwa karibu, lakini mvua ilikuwa karibu zaidi. Akasimama hapo akihesabu makosa yake, na kwa kuwa mikono haikuwa na kazi, ikafanya ile iliyozoea. Ikafungua mfuko. Harufu iliyotoka haikuwa ya chipsi. Kulikuwa na sufuria mbili zilizofungwa kwa kitambaa, mchuzi mwekundu unanukia dhania, na juu yake kibakuli kidogo.

Akakifunua, akaiona imondo, akakifunika haraka, kama mtu aliyemkuta mgeni akioga.

Kumpigia Clifford hakukusaidia. Simu iliita hadi ikachoka. Sasa afanye nini? Angeweza kwenda hosteli, awape wanafunzi. Wangefurahi. Mwanafunzi akiagiza kuku mwenye chipsi akaletewa kuku mwenye heshima, halalamiki. Hakuna simu ingepigwa juu ya Selpher siku hiyo, na Jumatatu angekuja kazini. Na aliyebeba mfuko wa Mama Tracy, kila mtu alijua, ni Clifford. Wazo hilo lilikaa naye pale veranda muda wa kutosha kumtia aibu. Kwa upande mwingine, akienda kwa Mama Tracy wanafunzi watakaa na njaa, na wanafunzi wana simu nyingi kuliko subira.

Kabla hajaamua, simu yake ikalia. Ni Teresa, na sauti yake ilikuwa nyembamba. Mama Tracy amefungua mfuko nyuma ya nyumba, amekuta chipsi. Wageni wameshanawa mikono. Clifford ameteleza kwenye tope la lango, yeye mzima, ila pikipiki imepinda.

"Uko nayo?" akauliza.

"Niko nayo, Mathe," akajibu, kwa neno la vijana la kumwita mama. "Imondo na kila kitu."

"Kimbia, Selpher. Kimbia mamangu."

Selpher akaangalia barabara. Maji yalikuwa yanavuka kutoka upande huu hadi ule, na lori lilipita likirusha ukuta wa matope juu ya mwendesha baiskeli.

"Nitafika," alisema. "Lakini sikimbii. Nilikimbia kutoka hapo kwako, na hii ndiyo tumevuna. Mpigie Mama Tracy umwambie hao wageni hawajajitambulisha vizuri."

"Wameshajitambulisha."

"Hawajataja wajomba. Na kuna mtu wa kanisa hapo, hakosekani. Wampe maombi."

Akili ya hoteli ya Teresa ikafanya kazi. Mtu yeyote aliyewahi kupika kwa ajili ya wakwe anajua kwamba Mluhya hali kabla ya maombi, na maombi hayana breki. Akakata simu bila kuaga.

Mvua ilipolegea, Selpher akavaa koti lake la mvua, akawasha taa ingawa ni mchana, akaingia barabarani. Alikwenda kama anayembeba mtoto mchanga. Bodaboda wengine walimpita wakimpigia honi, na mmoja akamwuliza kama amebeba mayai. Akamwambia ndiyo, tena ya mkwe. Kwenye mteremko alishuka akasukuma.

Alipofika nyuma ya nyumba ya Mama Tracy, Clifford alikuwa ameketi juu ya tofali, suruali imechanika goti, matope hadi masikioni, anakunywa chai aliyopewa na watu wa jikoni. Hakuwa na mzaha wowote. Kutoka sebuleni ilisikika sauti ya mwanamume, ndefu na tulivu, ikimshukuru Mungu kwa reli ya Butere. Ni mjomba wa Tracy, mzee wa kanisa, ambaye alipoombwa arefushe kidogo aliichukua kama wito. Kutoka kwenye reli akarudi nyuma hadi uumbaji.

Mama Tracy alimpokea Selpher mlangoni akiwa na macho ya mtu aliyezeeka tangu asubuhi. Akachukua sufuria, akachukua kibakuli, akakibusu kifuniko. Na hapo ndipo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka shangazi mmoja wa Chekalini, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, aliyekuja ati kutafuta maji ya kunywa. Wanawake wote mle jikoni walijua alikuja kuchungulia ni nani anayepika.

Shangazi akamtazama Selpher, koti linadondosha maji, helmeti mkononi. "Mulembe," akasema. "Na huyu ni nani?"

"Mulembe, mama," Mama Tracy akadakia. "Huyu ni mdogo wangu. Ametoka mbali, ndiyo sasa anafika."

"Kwa pikipiki? Na mvua hii?"

"Kwa ajili ya Tracy," akasema Mama Tracy, "huyu angekuja hata kwa miguu."

Ikawa basi. Mdogo wa mtu hawezi kuondoka kabla wageni hawajahudumiwa. Selpher alivuliwa koti, akafungwa leso, akapewa jagi na beseni. Akaingia sebuleni mjomba akiwa amefika kwa Nuhu, na kwa kuona sufuria mlangoni, mjomba akaivusha gharika yote kwa sentensi moja na kusema amina. Selpher akapiga magoti mbele ya mzee wa Chekalini, akamnawisha mara ya pili. Ni mzee mrefu, mkavu, mtu wa mahindi, mwenye viganja kama mbao. Macho yake yalikuwa mezani, yakihama kutoka sahani hadi sahani kwa adabu, yakitafuta bila kuonyesha yanatafuta.

Kibakuli kikawekwa mbele yake. Akakifunua. Akaikata imondo vipande viwili kwa vidole, akala kimoja polepole, macho yamefumbwa, na cha pili akamnyooshea baba wa Tracy, kama anayegawana na ndugu. Sebule nzima ikaanza kuongea kwa mpigo, kama redio iliyopata stesheni.

Selpher alitoka nyuma, akafungua leso. Pikipiki ya Clifford haikuweza kutembea. Breki ya mguu ilikuwa imepindia ndani. Wakaiacha chini ya mti wa parachichi. Clifford akapanda nyuma ya Selpher, mfuko wa wanafunzi mapajani.

Walipokuwa wakishuka kurudi Lurambi, Clifford akainama karibu na sikio lake. "Dada, ni kweli ulitoka hotelini mbio?"

"Hukuniona. Ulikuwa mbele."

"Mathe aliniambia kwa simu. Mimi pale langoni nilifikiria Oliver. Unajua bado niko hewani? Bado sijaanguka, na nafikiria Oliver."

"Shika mfuko vizuri," Selpher akamwambia, na hakuongeza gesi.

Wanafunzi walikuwa wamejipanga kwenye ngazi kama watu wa msiba. Msichana aliyepokea alifungua, akashika chipsi moja kwa vidole viwili, ikalegea. Selpher aliomba msamaha kwa maneno yote aliyokuwa nayo, Clifford akaonyesha goti lake, lakini njaa haina huruma kwa magoti. Walipofika kona, msichana alikuwa ameshaweka simu sikioni.

Kwa hiyo Selpher alirudi hotelini akijua. Aliegesha, akajipangusa uso, akaingia. Benchi lilikuwa limejaa. Waliokuwa nje wote walirudi na mvua. Clifford alikwenda kuketi juu ya gunia la makaa, akanyoosha mguu, akawaeleza wenzake kilichotokea, na hakujiongezea sifa hata kidogo, jambo lililowatisha kuliko damu.

Teresa akatoka jikoni. Alikuwa na simu mkononi.

"Mama Tracy amepiga," alisema. "Amelia kwa furaha mpaka nikadhani kuna mtu amekufa." Kisha akashusha sauti. "Na wale wa hosteli wamepiga. Wamemtaja dada wa pikipiki, na ni wewe, Selpher."

"Najua, Mathe."

"Nilikwambia asubuhi."

"Uliniambia." Selpher alikuwa akilikunja lile koti la mvua polepole, pindo kwa pindo. "Jumatatu kama nitakuja, nitakuja na mwendo wangu. Nitaangalia mfuko kabla sijatoka, na mvua ikinyesha nitasimama. Yule wa Butere akiweza zaidi ya hapo, mchukue. Mimi leo nimejaribu mwendo wenu na nimekaribia kuacha watoto."

Teresa aligeuka akaingia jikoni, na wote wakasikia vifuniko vikigongana. Alirudi na mfuko mwingine, oda ya zahanati moja huko Mahiakalo, akausimamisha dirishani.

"Nani wa kwanza?" akauliza, kama kawaida.

Aliyekuwa mwanzo wa benchi ni Patroba. Alikuwa amerudi kabla ya wote, na kwa sheria mfuko ni wake. Patroba akaangalia mvua iliyokuwa inamalizika kwenye bati. Akapangusa goti. Hakuinuka. Aliyemfuata akamtazama Patroba, naye akabaki. Ikaenda hivyo hadi mwisho wa benchi, wanaume wazima wameketi kama wako kanisani.

"Mathe," Patroba akasema, "hapa tumekaa kwa zamu. Selpher ametoka mara moja tu leo, sisi tumetoka mara nyingi. Zamu ni yake. Akienda, ni mimi. Nikirudi kwanza au nikirudi mwisho, baada yangu ni huyu. Tuzunguke hivyo. Sote tuna mama."

"Na wateja wakilalamika?"

"Tutakuwa tumelalamikiwa sote. Utamfukuza nani?"

Teresa alisimama na mfuko huo muda mrefu kuliko alivyowahi kusimama na mfuko wowote. Watu waliomjua wanasema alikuwa anapiga hesabu ya benchi tupu siku ya Jumatatu. Wengine wanasema alikuwa anaangalia goti la Clifford. Mimi nasema mtu anaweza kufanya yote mawili. Mwishowe akauweka mfuko mezani, akaufungua yeye mwenyewe, akachungulia, akamwita Jerotich.

"Hii ni ya zahanati, siyo?"

Jerotich akasema ni ya zahanati.

"Haya. Zamu ni ya Selpher," Teresa akasema. "Na Jumatatu mje mapema, nyote."

Selpher akanyanyuka kuuchukua. Lakini Clifford, kutoka kwenye gunia lake, alikuwa amebakiwa na swali moja, kwa sababu yeye alikuwa nje akinywa chai na hakuona. Akauliza huyo mzee wa Chekalini aliipokeaje imondo. Benchi zima likageuka. Selpher akamtazama Teresa, Teresa akatazama mfuko, kisha akavuta kiti, akaketi.

"Sema basi," akasema. "Aliila yote au alimgawia mtu?"